Turubai la Gari la Babu

Ndugu wasomaji wa gazeti, mniwie radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na maneno yangu hupanda kilima hata kwenye karatasi yenye mistari. Pale nilipokosea herufi, soma tu kana kwamba umenisikia nikisema. Kusema kwenyewe ndiko kunakonishinda, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni hapa Sumbawanga. Juzi alifika mzee mmoja na gari la zamani, lenye mgongo wa mviringo na taa kubwa kama macho ya chura. Asubuhi aliliosha mwenyewe kwa ndoo, na kabla halijakauka akalivalisha kifuniko cha plastiki, akakaza kamba chini ya bampa. Nilikuwa naanika mashuka. Nikamsogelea, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatulia aningoje niseme. Nikamuuliza kama anahitaji taulo. Akasema anayo. Nikarudi kwenye mashuka yangu, na tangu siku hiyo nimechoka uchovu ambao si wa kufua.

Maana hata sisi tulikuwa na gari, kule kijijini kwetu Mpui. Lilikuwa la babu. Aliuziwa na padre aliyekuwa anarudi kwao, nalo lilikuwa na rangi ya maziwa mgando. Jumapili lilitupeleka kanisani, wajukuu tumebanana kiti cha nyuma, tunanuka mafuta ya kujipaka na petroli. Siku nyingine lilipeleka wajawazito hospitali mjini. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ikiwa imeng'ata kila kitu, babu alizungusha chuma pale mbele mpaka gari likakohoa, nasi tunatazama huku tumekumbatia vikombe vya uji wa ulezi. Bibi alizoea kulalamika kwamba mume wake anaamkia gari kwanza, yeye baadaye.

Babu alipougua, aliacha neno moja tu juu ya gari lile. Alimwambia bibi, "Lisilowe mpaka kijana aje." Kijana ni baba yangu mdogo, dereva wa malori ya mbali, na ndiye pekee nyumbani aliyejua kuendesha. Tukamzika babu, kijana akiwa bado nchi za mbali. Bibi akabaki na neno lake.

Banda hatukuwa nalo. Tulikuwa na turubai moja la bluu, na turubai hilo lilikuwa la kazi zote. Wakati wa mavuno tulilitandaza uani tukapiga ulezi juu yake kwa fimbo, kisha tukaanika mahindi. Wiki hizo gari lilikaa wazi juani, linang'aa, kuku wanatembea juu yake. Ghala likijaa, tulikung'uta turubai tukalirudisha juu ya gari. Lakini ulezi unaujua ulivyo mdogo. Haukung'utiki wote. Unabaki kwenye mikunjo na kwenye pindo, na sisi tulifunga hivyo hivyo, kamba za katani zikipita chini ya tumbo la gari, matofali pembeni ili upepo usilichukue.

Kufunga ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na vidole vyembamba vinavyopita kwenye matundu. Mimi ni mtu ambaye shuleni mwalimu alisahau kama nipo, lakini bibi alizunguka gari akijaribu fundo moja moja, kisha akasema hakuna mtu Mpui nzima anayefunga kama mimi. Sifa ile niliila kama nyama.

Mvua za masika zilipokuja, turubai liligonga na kusugua usiku na mchana. Mlio ule ulitufariji. Tulidhani ni mlio wa kitu kinacholindwa.

Jirani yetu alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki. Yeye na bibi walikuwa hawasalimiani, kwa sababu aliwahi kuomba auziwe injini wakati matanga ya babu hayajaisha. Bibi alisema mtu yule analiangalia gari letu kama fisi anavyoangalia mbuzi mgonjwa. Siku moja nilikuwa nachota maji, fundi akaniita. Akaniambia taratibu, bila kejeli:

"Mwambie bibi yako gari linaoza humo ndani. Turubai linazuia mvua, lakini jasho la ardhi linapanda na halina pa kutokea. Jua likitoka mfunue. Mkifunika, wekeni miti juu, turubai lisiguse bati, upepo upite."

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nyuma anakaza kamba. Alikuwa ametuona.

"Huyo alikuwa anakwambia nini?"

Nilitazama fundo langu. Nilifikiri nikisema, bibi atadhani nimetumwa na fisi. Nilifikiri pia kwamba turubai likiondolewa, kazi yangu itakwisha.

"Alinisalimia tu, bibi."

"Salamu zake akae nazo. Vuta hapo."

Nikavuta. Nilivuta misimu mitatu, na kila nilipovuta nilimkumbuka fundi.

Baba mdogo alikuja mwaka niliomaliza shule. Bibi alichinja kuku wawili, akavaa kitenge cha Pasaka, akaagiza mafundo yafunguliwe na mimi mwenyewe. Tulipovuta turubai, harufu iliyotoka ilikuwa ya shimo lililofukiwa zamani. Ulezi ulikuwa umeota juu ya boneti, mweupe, mrefu, umelala kwa kukosa jua. Rangi ya maziwa ilikuwa imesuguliwa mpaka bati, na bati lilikuwa jekundu. Panya walioufuata ulezi walikuwa wamehamia kwenye viti, wakakata nyaya zote. Baba mdogo alifungua mlango, akakanyaga ndani, mguu wake ukatokea chini mpaka kwenye majani.

Hakugomba. Alitoa mguu, akapangusa kutu kwenye suruali, akasema, "Mama, mlijitahidi." Bibi alipapasa pindo la turubai. Kisha akasema, "Tulifunika kidogo. Laiti tungepata turubai la pili."

Nilikuwa karibu naye kabisa. Sikusema.

Waliokuja kulichukua ni wanunuzi wa vyuma chakavu, wakalikata kwa moto pale pale uani. Fundi alitazama kutoka kwake, hakukaribia. Kilichobaki ni turubai. Mwaka huu nilipoenda likizo nililikuta uani, limejaa viraka, mahindi yamelala juu yake. Pale gari liliposimama majani yameota, na watoto wa dada yangu wanacheza hapo bila kujua wanachokikanyaga. Magari ni mengi siku hizi, lami imefika, hakuna anayezungusha chuma asubuhi. Bibi macho yamepungua. Jioni moja, tunapukuchua, aliniambia bado anamwomba babu msamaha kwa kutolifunika vizuri.

Mzee wa nyumba ya wageni aliondoka leo asubuhi, kifuniko kikiwa kimekunjwa na maji yake ndani ya buti. Basi, mzee, kama unasoma gazeti hili, hiki ndicho nilichotaka kukuambia: lifunue juani, likauke, lipitiwe na upepo. Taulo ilikuwa kisingizio.

Na ninyi wengine, naomba mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Bibi hajui kusoma. Nikienda Mpui wakati wa ulezi, nitakuwa na nakala ya karatasi hii mfukoni. Niambieni kama nimsomee.