Migebuka ya Jumatano

Zunguka Kigoma uchoke, hutampata mzaliwa mwingine wa Rusimbi asiyekula migebuka, samaki wetu wa ziwani. Selestini hali. Akiulizwa husema tumbo linawakataa, na mkewe Verediana humsuta mbele ya wageni: "Tumbo gani hilo, limekula migebuka miaka arobaini ndipo lije kususa ukubwani!" Wageni hucheka. Selestini naye hucheka, lakini kicheko cha kujilazimisha.

Si tumbo hata kidogo. Ni aibu, na mimi nitaisema kwa kuwa yeye hajawahi.

Miaka ile vita vya Burundi vilipojaza makambi mkoa mzima, Selestini alikuwa karani wa tiketi stesheni. Treni ya Jumatano, ya mizigo na behewa moja la abiria, iligeuka kuwa treni ya wakimbizi. Akina mama waliokuja Ujiji kutafuta vibarua walirudi nayo kwa watoto wao kambini, upande wa Uvinza. Nauli hawakuwa nayo. Gadi wa treni, Pastory, aliwapakia kwenye behewa lake la nyuma, nao wakamletea migebuka wakavu. Nusu alimpa Selestini, ili naye afumbe macho. Mkono mtupu haulambwi, bwana! Hakuna aliyeona ubaya, na nyumbani kwa Selestini kila Alhamisi ilinukia mawese na samaki.

Basi mvua za mwaka huo zikalila tuta la reli karibu na daraja. Mhandisi Gasper akaja dirishani na kalamu sikioni.

"Nitafunga njia siku mbili kila wiki, mwezi mzima. Nipe siku zenye abiria wachache. Lakini usinipe za mazoea, Selestini. Vita hii imebadilisha safari za watu."

Selestini akafungua daftari la tiketi zilizouzwa. Jumanne, abiria mia na ishirini. Ijumaa, mia na hamsini. Alhamisi, kumi na mmoja. Jumatano, tisa. Tisa! Na Jumatano iliyopita yeye mwenyewe aliwaona akina mama wamebanana kwa Pastory mpaka mlango ukagoma kufungwa. Alitaka kusema. Lakini chini ya meza, miguuni pake, palikuwa na samaki waliofungwa kwenye gazeti, na harufu yao ilikuwa inapanda. Akiwataja wale akina mama ataulizwa wanasafiri kwa tiketi gani, na nani anawaruhusu.

"Jumatano na Alhamisi, mzee," akasema. "Watu hakuna."

"Una hakika?"

"Daftari si hilo hapo?"

Gasper akaandika, akaenda zake. Tangazo likabandikwa kwenye dirisha la tiketi, mahali ambapo akina mama wa Jumatano hawakuwa na sababu ya kufika.

Jumatano ya kwanza ya kazi wakaja na mafurushi yao, hamsini na zaidi, wakajipanga jukwaani kama kawaida. Mbele yao alikuwa Gloriose, Mrundi aliyepanga chumba uani kwa jirani yake Selestini.

"Kaka Selestini, treni inaingia saa ngapi?"

"Leo haipo, dada. Njia imefungwa hadi Ijumaa."

Gloriose akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kadi ya posho. "Kaka, kesho wanatuhesabu kambini. Kadi ninayo mimi. Mwenye kadi asipoonekana, wanamfuta na watoto wake. Wangu wako wawili kule na bibi yao." Akaitazama reli, akamtazama Selestini. "Huyo aliyepanga siku, kwani sisi hakutuona?"

"Ni wakubwa wa huko juu," Selestini akajibu. Loo! Uso ulimwaka, akajifanya anatafuta funguo.

Barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo wakashuka relini, wakatembea juu ya mataruma na mizigo kichwani. Aliwatazama mpaka kona ikawameza. Gloriose alifika kambini Ijumaa, kuhesabu kumekwisha.

Jumatatu Selestini alikwenda kwa Gasper. Habari ya samaki aliimeza. "Mzee, Jumatano wapo watu, hamsini na zaidi. Niliwasahau."

"Watu hamsini unawasahau?" Gasper alimkazia macho. Akafuta Jumatano na Alhamisi, akahamishia kazi Jumapili na Jumatatu.

Baada ya wiki tatu, Gloriose akapiga hodi kwa Selestini. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na migebuka wanne.

"Pastory ametuambia ni wewe uliyetusemea kwa mhandisi. Mungu akuzidishie, kaka. Wangu wameshafutwa, wanakula kwa majirani, lakini wenzangu umewaokoa." Akamnyooshea samaki. "Hawa nilikuwa nawapelekea watoto. Nikaona siwezi kupita bila kukushukuru."

Hapo ndipo pa kusema. Mtu mzima, mdomo anao! Selestini akapokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akasema, "Asante, dada."

Verediana aliwapika kwa mawese, akamwekea mumewe kipande kinene cha katikati. "Kula, baba Esther. Umetenda wema."

Alikitia kinywani. Hakikushuka. Alitoka nje akakitema nyuma ya nyumba, akarudi ameshika ubavu.

"Tumbo," akasema.