Joho la Bhagwanti Lisilo na Mwisho

Habari hii hakuna atakayeiamini, na asiyetaka kuiamini asogee kando awapishe wenye akili. Ni habari ya mwanamke wa Nakuru aliyeingiza nchini nguo ya mtu ambaye Mungu bado hajamuumba, na serikali ikaitazama, ikakuna kichwa, ikapiga mhuri.

Mwanamke huyo ni Bhagwanti, na mimi Kimaiyo ni karani wa duka lake. Duka lake la ushonaji liko njia ya kuelekea Bondeni, na tangu mumewe Jayantilal afariki amelishika mwenyewe. Wanaofikiri kazi ya Mhindi ni kukaa tu nyuma ya kaunta hawajamwona Bhagwanti na mkasi. Tangu tupate uhuru, yeye na mafundi wake wanawake ndio walioshona majoho ya chuo kimoja cha kilimo huko upande wa Njoro. Mtoto wa mkulima akipewa diploma yake, lile vazi jeusi mgongoni limepita chini ya cherehani ya Nakuru. Jambo la kujivunia, ama namna gani?

Basi mwanzoni mwa miaka ya sabini wakubwa wakakaa Nairobi, wakanywa chai, wakasema: tulinde kazi ya mwananchi. Kitambaa cha sufu kutoka ng'ambo kitozwe ushuru mkubwa. Vizuri. Lakini chini kabisa wakaongeza kwamba vifaa vya elimu viingie bure, na joho lililokwisha kushonwa, kwa akili yao, ni kifaa cha elimu. Umeona kituko? Kitambaa cha kushonea joho ni anasa, kilipiwe. Joho lenyewe, likishonwa na fundi wa London, lipite kama mgeni wa serikali!

Mnunuzi wa chuo akaja dukani, kofia mkononi.

"Mama, pole. Majoho ya Uingereza sasa ni rahisi kuliko yako. Usiposhusha bei kabla ya mahafali, oda inahamia huko, na haitarudi."

"Nishone na kitambaa gani?"

"Si iko ya hapa kwetu?"

Bhagwanti akacheka kicheko kibaya. Ya hapa alikuwa ameijaribu. Kiwanda kilijua kaki na mablanketi. Weusi wake ulikuwa wa kuazima. Mvua ilinyesha kwenye sherehe, na wasomi wakaenda kupokea vyeti shingo zikichuruzika wino kama kalamu mbovu.

Mnunuzi akaondoka. Mafundi walijua oda ile ikienda, sare za shule hazitawalisha wote. Akasema Naliaka, mshonaji wa mikono ya majoho, ambaye ulimi wake unakata kuliko mkasi.

"Kwa hivyo gunia likiwekwa shingo linakuwa elimu?"

"Ndiyo sheria," Bhagwanti akasema.

"Basi si hao Waingereza wakushonee magunia, mama. Yenye mikono."

Wakacheka wote isipokuwa Bhagwanti. Akauliza polepole, "Naliaka, hiyo sheria inasema urefu?"

Akakiandikia kiwanda cha sufu kule Uingereza. Hakuagiza kitambaa, aliagiza majoho: machache, yenye shingo na mikono, yenye mishono mirefu ya kulegea inayofumuka ukivuta uzi, na kila moja liwe refu kama robota zima la kitambaa. Waingereza, watu wa kutii oda, hawakuuliza kitu.

Makasha yakafika stesheni ya Nakuru. Afisa wa ushuru, kijana aitwaye Kosgei, akafungua la kwanza, akashika shingo, akavuta. Joho likaja. Akarudi nyuma, likaja tena. Akatoka nje ya mlango wa stoo, na pindo bado liko ndani ya kasha.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ya mwanafunzi."

"Mwanafunzi gani? Twiga?"

"Shingo iko?"

"Iko."

"Mikono?"

"Mbili. Lakini usinichezee, mama. Hii ni kitambaa."

"Basi nisomee pahali sheria inasema mwanafunzi awe na kimo gani."

Kosgei akafungua kitabu cha sheria, akapekua, akakosa. Akakifunga. "Naweza kuizuia tu hapa hata hivyo."

Na kweli angeweza. Mahafali yalikuwa yamekaribia. Makasha kulala stoo kungetosha kulifunga duka. Hapo mzaha ukamwisha Bhagwanti.

"Kwenu ni wapi, Bwana Kosgei?"

"Keringet."

"Mzee ana kondoo?"

"Anao."

"Akiuza manyoya, nani huyazuia? Yanatoka nchini kwa bei ya takataka, hakuna anayeuliza. Yakirudi kitambaa, mnasema anasa. Yakirudi yameshonwa na mtu wa huko, mnasema elimu, karibu sana! Sheria hiyo inamlinda nani? Wale wanawake dukani kwangu ni wa nchi hii. Mimi ni wa nchi hii, karatasi ninazo. Sisi tukishika sindano ni makosa. Mzungu akishika ni masomo. Nionyeshe huyo mwananchi mnayemlinda nimshonee suruali bure!"

Kosgei akaitazama ile sufu mikononi mwake, kama anayetafuta alama ya kondoo wa baba yake. Kisha akaandika: Majoho, marefu. Bila ushuru. Akapiga mhuri, pa!

Mafundi wakafumua, wakakata, wakashona, na oda ikabaki Nakuru. Anayesema huo ni ujanja akawaulize kwanza wale wa chai ya Nairobi nani aliuanza. Lakini siku ya kuutoa mzigo stesheni, hiyo ndiyo ungeiona! Joho la kwanza lilitanda kutoka relini mpaka Bondeni, maafisa kumi na wawili wakajipanga wakapiga saluti, treni ya Kisumu ikafunga breki kulipisha, na dereva akashuka, akavua kofia, akam—

"Wewe Kimaiyo, weka kalamu chini!" Bhagwanti akafoka, akisoma begani kwangu. " Maafisa kumi na wawili wametoka wapi? Alikuwa mmoja, na alikuwa na mafua."