Arafa na Mpira wa Kupinda

Enzi za Mjerumani, Arafa binti Shomari alitoka Tanga kuja Arusha akiwa yaya wa mtoto wa Bibi Lotte, mke wa Mjerumani mwenye shamba. Mtoto alipofikia umri wa shule akapelekwa Ulaya, lakini yaya hakurudishwa kwao. Alibaki shambani Oldonyo Sambu, nyuma ya Mlima Meru, kwenye upepo na vumbi, akipiga pasi nguo za mtoto asiyekuwepo.

Siku moja Sironka, Mwarusha aliyeendesha gari la ng'ombe la shamba, alileta mjini salamu zilizotoka Tanga: mama yake Arafa ni mgonjwa, hainuki kitandani.

Arafa akaomba ruhusa. Kutoroka hakuthubutu. Mpishi aliyejaribu alikamatwa kabla ya Moshi, akachapwa viboko hamsa ishirini, akarudishwa jikoni akitembea kwa kuinama.

Bibi Lotte alikuwa na ugonjwa wake, nao ni gofu, mchezo wa kupiga kimpira kwa fimbo mpaka shimoni. Huku porini hakuwa na wa kucheza naye. Mumewe alimwona punguani tu. Akamtazama Arafa, akamnyooshea fimbo.

"Unauona ule mgunga? Nyuma yake kuna kopo. Siku utakapouanzisha mpira kushoto kwa mti, ukapinda wenyewe kulia na kutua penye kopo, utakwenda kwa mama yako. Lakini si kwa bahati. Uweze kila nitakapokuambia."

Mwanzoni mpira ulichepuka kulia kama mbuzi aliyekata kamba, ukapotelea kwenye miiba. Akijizuia, ulinyooka ukagonga shina. Alipiga asubuhi kabla ya kufua, akapiga jioni viganja vikiwa na malengelenge. Bibi alimgeuza mabega kwa mikono yake mwenyewe.

"Miguu itazame kushoto. Uso wa fimbo utazame kopo. Piga kufuata miguu, usizungushe viganja."

Ilikuwa kama kwenda huku unatazama kwingine. Muda ulipita ndipo Arafa akatambua kwamba alikuwa akiukokota mpira kulia kwa nguvu, kwa haraka ya kumwona mama. Akaacha. Akakaza mkono wa kushoto, akapiga kufuata miguu kana kwamba mti haupo. Mpira ukapaa kushoto kwa mgunga, ukasita angani, ukainama kulia taratibu, ukaanguka karibu na kopo.

"Tena," Bibi alisema.

Akarudia.

"Tena."

Akarudia.

Bibi Lotte akamkumbatia akilia. Arafa naye akalia, akidhani wanalilia jambo moja.

"Kesho gari linakwenda mjini, Bibi. Nifunge mzigo?"

Bibi akamwachia. "Sasa ndiyo nimepata mwenzangu, Arafa. Ngoja masika yaishe."

Masika yakaisha, yakaja mavuno. Arafa akaanza kupiga vibaya makusudi. Bibi akacheka tu: "Mikono yako imeshajua." Na kweli, hata akiuharibu mpira mmoja, wa pili ulipinda vizuri bila yeye kutaka.

"Heri ningebaki mjinga," alimwambia Sironka. "Angenichoka, akaniachia."

Sironka alikuwa akiwafunga ng'ombe nira. "Ng'ombe anayejua kuvuta," alisema, "haachwi malishoni."

Jioni moja Arafa akaiweka fimbo chini.

"Bibi, mwanao yuko Ulaya. Ukiambiwa anaumwa, utangoja masika yaishe?"

Bibi Lotte akakwangua udongo kwa kiatu. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Wiki ijayo. Naapa."

Wiki hiyohiyo ikaja habari ya vita. Reli ya Moshi kwenda Tanga ikawa ya askari, na raia wa kawaida hawakuruhusiwa kupanda. Bibi naye hakupata tena barua za mwanawe. Wakaendelea kucheza, wawili hao, bila mazungumzo, mpaka mpira wa mwisho ukapotelea kwenye miiba.

Waingereza walipoingia Arusha, Bibi na mumewe wakachukuliwa mateka, kila mtu na sanduku lake moja. Bibi alitaka kumwachia Arafa ile fimbo. Arafa akaiacha barazani.

Sironka alimsindikiza mpaka Moshi. Kutoka pale alifuata njia ya reli kwa miguu, akilala kwa watu, akingoja vita vimtangulie. Alipofika Tanga, dada yake Zuleha alimpokea mlangoni, na Arafa hakuhitaji kuuliza.

"Mama alikuulizia mpaka mwisho," Zuleha alisema. "Tukawa tunamwambia uko njiani."