Siku Tulipoibipu Mashine

Wala sikumfukuza mimi. Aliondoka mwenyewe na begi lake, asubuhi kweupe, akapanda gari la Songea nusu ya Mbinga wakimwona. Kwa hiyo mtu asije akaniuliza nilimfukuzia nini. Nilichofanya nitakisema.

Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Mimi shule niliipita kwa nje nikienda kuteka maji. Yeye alisoma kompyuta mpaka Dar es Salaam, akarudi anaongea kama anatafuna karanga. "Kimsingi, Bibi." Kila kitu kimsingi. Uji umeungua, kimsingi. Nilikuwa namwigiza mbele ya majirani mpaka wanashika mbavu, na yeye amekaa hapo hapo anachambua maharage. Mwanzoni alikuwa anacheka na sisi. Baadaye akawa anachambua tu.

Alirudi kwa ajili ya kazi moja. Kuna chama cha kina mama wanaouza usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Wengine wako chini, Lundo, Mbaha, mpaka Chiwanda, wanapokea mitumbwi. Wengine wako huku juu, wanatuuzia sokoni sisi watu wa kahawa. Mjukuu wangu akawatengenezea kitu cha kwenye simu. Aliye Mbaha anasema nina ndoo sita, aliye Mbinga anajibu niletee mbili. Mwenye simu ya tachi anapangusa. Mwenye kitochi anabonyeza nyota, namba, reli. Mwenyekiti wao anawaona wote kwenye kompyuta. Milango mitatu hiyo, lakini nyuma yake mashine ni moja, na ndiyo inayowajibu wote.

"Mwenyekiti amesema siku ya majaribio wataingia wote kwa pamoja," akaniambia. "Ikihimili, wananipa kazi, nabaki hapa na wewe. Ikianguka, narudi Dar."

Aliposema nabaki na wewe aliangalia chini. Mimi nikamjibu, "Ubaki ule ugali wa nani?"

Wiki nzima akawa anaipima mzigo. Ndivyo wanavyosema, kupima mzigo, na gunia hulioni. Kompyuta yake inajifanya watu. Kwanza watu kumi, halafu mia, halafu elfu, wote wanaiuliza ile mashine habari za usipa kwa mpigo, na yeye ametoa macho anatazama mstari unavyopanda. Nikavuta kigoda.

"Hao watu wako ni watu gani?"

"Ni wa kutengeneza, Bibi. Watu wa uongo."

"Wana tabia gani?"

"Hawana tabia. Wanaingia, wanauliza, wanasubiri jibu, wanatoka."

"Wanasubiri?"

"Kimsingi, ndiyo."

Nikajua hapo hapo. Huku kwetu nani anasubiri na simu iko hewani? Huku mtu anabipu. Unapiga, ikiita mara moja unakata, mwenye vocha atakupigia. Mimi na dada yangu wa Lundo tumesalimiana miaka mingi kwa kubipiana, mara moja nimeamka, mara mbili naumwa, na sauti yake nimeshaisahau. Nikataka kumwambia mtoto wa watu. Nikaanza, "Mjukuu wangu, hawa wanawake wa usipa hawana hiyo subira ya..."

Akanikatisha, shingo hata hakuigeuza. "Bibi, haya mambo huyaelewi. Nenda kaangalie maharage."

Nikaangalie maharage. Mimi niliyemlisha uji kwa kijiko mama yake alipofariki. Basi nikaenda kuangalia maharage, nikanyamaza. Ingeishia hapo, padri angenipa Salamu Maria kumi, yakaisha. Lakini simu yake ikaita mezani, na yeye yuko bafuni anaoga.

Alikuwa mama mmoja wa Mbaha, ndiye anayewasemea wenzake wa kule ziwani. "Samahani mwanangu, kesho kwenye hayo majaribio, sisi wa vitochi tunafanyaje?"

Koo langu likageuka lenyewe. Nikatafuna karanga. "Shikamoo mama. Kimsingi ni rahisi. Unabonyeza nyota, namba, reli. Maandishi yakitokea, unakata. Mashine itakupigia yenyewe."

"Nakata?"

"Unakata. Isipopiga, unarudia."

"Haya, ahsante mwanangu. Nitawaambia wote."

Nikairudisha simu mezani, nikacheka peke yangu mpaka machozi. Nilijua kwamba anayeoga kule bafuni kesho atalia. Nilijua kabisa.

Kesho yake tukakaa ukumbi wa parokia, wanawake wa Mbinga wote, mwenyekiti mbele na kompyuta. Mjukuu wangu amevaa kitenge kipya. Saa nne ikafika, akasema karibuni, muingie. Wenye simu za tachi wakaingia, wakashangilia. Haukupita muda mrefu, kimya. Simu zikawa zinazungusha tu kile kiduara chao. Kompyuta nayo ikaganda. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, jasho linamtoka mpaka kwenye kitenge.

"Kuna watu wameshika mlango," akasema. "Wameingia wengi, hawaulizi kitu, na hawatoki. Mashine inawasubiri wote."

Mwenyekiti akampigia yule mama wa Mbaha, akaweka sauti juu tusikie wote.

"Tunabonyeza na kukata," ile simu ikasema. "Haipigi. Tumerudia mpaka vidole vinauma, na Chiwanda pia wanarudia."

"Mama, nani amewaambia mkate?" mjukuu wangu akauliza.

"Si wewe, jana?"

"Mimi sijaongea na wewe jana."

"Umeongea mwanangu. Si ulisema kimsingi ni rahisi."

Ukumbi mzima ukageuka ukaniangalia mimi. Kimsingi ile walikuwa wameicheka kwenye uwanja wangu tangu mavuno. Mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo na khanga. Mjukuu wangu yeye hakuniangalia. Alimwangalia mwenyekiti.

"Nipeni siku mbili. Anayekata nitamtoa mlangoni hapo hapo. Ni kitu kidogo."

Mwenyekiti ni mwanamke anayeongea kama anatwanga. "Binti, tumuache bibi yako. Asingesema kitu, hawa wa Chiwanda wangefanyaje? Wangebipu tu. Ulikuwa hujui kwamba watu wa kwenu wanabipu?"

Mjukuu wangu akafuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Basi funga hiyo kompyuta. Tutaendelea kupigiana."

Nyumbani hakupiga kelele. Alikunja nguo. Asubuhi nikamfuata stendi na mahindi ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba, nikampa, akapokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Nikamwigizia mwenyekiti anavyotwanga maneno, nikaongeza na yule wa Mbaha, nikafanya na kondakta aliyekuwa amesimama pale, mpaka abiria wakaniomba nirudie. Yeye alisubiri nimalize. Akaweka mguu kwenye ngazi ya gari, akasema kwa upole, kama mtu anayekumbusha dawa:

"Bibi, ukifa watanijulisha."