Siku Biskuti Alipowaswaga Wakwe

Acha niseme mwenyewe, maana najua video mmeshaiona. Ndiyo, yule mwanaume aliyevaa koti linalomzidi, anayekimbia kwenye matope huku ameshika fimbo ya heshima, ni mimi. Ndiyo, wale watu wazima waliosimama katikati ya mbuzi ni wakwe zangu. Na yule mnyama wa rangi ya biskuti aliyelala mlangoni mwa zizi ni mbwa wangu, tena hakukatwa miguu kama mnavyosemezana gulioni, alizaliwa hivyo hivyo, kwao huko ndivyo walivyo.

Mbwa huyu nilipewa na mama mmoja wa kizungu aliyekuwa na kazi za visima hapa Ngara (mimi ni fundi wa pampu, nilifanya naye kazi miaka miwili), na mkataba wake ulipokwisha akalia machozi, akanikabidhi Biskuti, sahani yake, brashi yake na karatasi mbili za maelekezo alizoziandika kwa Kiswahili chake cha kujikongoja. Karatasi zilisema mbwa wa aina hii anapukutisha manyoya mwaka mzima (kweli, kuna siku nilitoa nywele tatu kwenye kijiko kimoja cha maharage), anabweka kila kinachopita, na kwamba amefugwa tangu enzi na enzi kwa ajili ya kuswaga ng'ombe kwa kuwang'ata visigino, ndiyo maana ni mfupi, ng'ombe akirusha teke linapita juu ya kichwa. Zilisema pia hapendi kuona watu wametawanyika. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: MPE KAZI, USIPOMPA ATAJITAFUTIA. Mimi nikasoma sehemu ya chakula, nikakunja karatasi nikaziweka kwenye Biblia.

Wiki ya kwanza akajitafutia. Kuku wote wa Mama Neema, mke wangu, walisimamishwa kwenye kona ya jiko tangu asubuhi hadi saa saba, hakuna aliyethubutu kutoka hata kunya. Wiki ya pili mwanangu Neema akarudi kutoka shule na wenzake sita ambao hawakuwa na mpango wa kuja kwetu. Nikaona isiwe shida, nikampa mbuzi. Jioni nasimama mlangoni mwa zizi, natia vidole viwili mdomoni, napiga mluzi mrefu mmoja, na Biskuti anateremka bondeni anawakusanya mbuzi wote, anawapandisha kati ya migomba, anawaingiza zizini, kisha analala mlangoni akinitazama nimsifu. Watu wa Ntobeye, kijiji chetu, waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka. Na mimi nikaanza kuringa, na hapo ndipo ugonjwa ulipoingilia.

Sasa mjue na habari ya mdogo wangu Evodia. Baba alipofariki alikuwa mtoto wa darasa la pili, mimi ndiye niliyembeba, nikamsomesha hadi akawa mwalimu kule Biharamulo (kila Ijumaa alirudi kwetu), na huko akampata Masunga, bwana mifugo, kijana wa Kisukuma ambaye wazee wake walihamia huko na ng'ombe wao zamani. Wakatuma salamu kwamba wanakuja kuposa. Ukoo wetu una utaratibu wake: waposaji wanakaa upande wao wa uwanja, sisi upande wetu, katikati panabaki wazi na chungu cha rubisi, na hakuna mguu wao unaovuka mpaka mkubwa wa nyumba aseme karibuni. Wakivuka wakaja upande wetu, basi, posa imekubaliwa, hakuna maneno tena. Na mara ya kwanza hawavuki. Wanapewa hiyo pombe ya ndizi, wanasikilizwa kwa adabu, wanarudishwa. Mara ya pili vilevile. Binti yetu haokotwi njiani.

Siku moja kabla, Evodia alinikuta uani nikimpiga Biskuti brashi.

"Kaka, Masunga amehamishwa, anaripoti Mtwara mwezi ujao. Mkiwarudisha kesho, na mkiwarudisha tena, huo ni mwaka mwingine. Na yule mzee wake hataki kudharauliwa, akirudishwa harudi. Nakuomba, kaka. Wakubalini kesho."

"Utaratibu ni utaratibu," nikamwambia, bila hata kuinua macho kwenye manyoya.

Akageuka, akaenda kuchambua maharage. Bamdogo Sebastiani, mdogo wake marehemu baba, alikuwa amenipigia simu mara tatu kunikumbusha nisilegee, na mimi nilijiona mkubwa wa nyumba kwelikweli.

Asubuhi Mama Neema akaniambia jambo moja tu: "Baba Neema, huyo mbwa mfunge." Nikamjibu kwamba akifungwa atabweka mfululizo, atavuruga hotuba. Hiyo ilikuwa sababu ya kusema mbele za watu. Sababu yenyewe ni kwamba waliokuwa wanakuja ni wafugaji, watoto wa wafugaji, wajukuu wa wafugaji, na nilitaka wamwone. Nilitaka waulize. Nilikuwa hata nimeshaandaa jinsi ya kujibu, kwa upole, kama mtu asiyependa kujisifu.

Wakaja tisa, gari mbili za Noah, zimechafuka matope ya mvua ya usiku. Mbele yao msemaji wao, Mzee Kulwa, baba mkubwa wa Masunga, mrefu, kofia nyeusi, maneno machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Tumefika."

Wakaketi upande wao. Biskuti akaja kuwakagua mmoja mmoja, na shangazi mmoja mnene wa upande wao akamtazama, akamtazama tena, akauliza kwa sauti ya kusikika: "Huyu amesimama au amekaa?" Uwanja mzima ukacheka, hata watu wangu. Iliniuma jamani, siwezi kuwaficha.

Nikasimama kuzungumza. Nimevaa koti la marehemu baba, mkononi fimbo ya marehemu baba. Mzee Kulwa alikuwa amemaliza ombi lake, fupi na zuri, na mimi nikaanza kuzunguka, nikashukuru kwa safari, nikashukuru kwa mvua, nikataja babu watatu, na wakati wote huo Biskuti alikuwa anateseka. Jiwekeni mahali pake. Kundi moja huku, kundi moja kule, katikati wazi, na hakuna anayefanya chochote! Alikwenda upande huu, akarudi upande ule, akakaa katikati kando ya chungu, akanitazama, akalia kwa sauti nyembamba. Nikamkunjia uso. Nikaendelea: "Wageni wetu, ombi lenu tumelisikia, ni zuri, lakini..."

Hapo kwenye "lakini" yule shangazi mnene akainuka kwenda msalani.

Hakufika. Biskuti alimzunguka kwa nyuma, akamdonoa kisigino, na shangazi akapiga ukelele uliosikika labda hadi Bukiriro. Wenzake wakasimama, wengine huku, wengine kule, viti vikaanguka, na kwa mbwa wa aina ile watu tisa wanaokimbia pande tisa ni maafa. Mimi nikapaza sauti, "Biskuti! Acha! Acha wewe!" Hakusikia hata herufi. Basi mkono wangu ukafanya wenyewe kabla kichwa hakijauliza, nikatia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi.

Mrefu. Mmoja.

Sijawahi kuona kiumbe kikifurahi namna ile. Alinigeukia, masikio yamesimama, kana kwamba anasema afadhali umesema, nilikuwa nakungojea wewe tu. Kisha akaondoka.

Siwezi kueleza yote, mengine mnayo kwenye simu. Alikwenda kwa shangazi, akaenda kwa wajomba, akawarudisha waliofika kwenye magari. Mzee Kulwa, mfugaji wa miaka yote, akarusha teke la kitaalamu kabisa, na teke likapita juu ya kichwa, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Mimi nikakimbilia kumshika, nikakanyaga pindo la koti, nikaangukia chungu, na rubisi yote ikahamia kwenye suruali ya Bamdogo Sebastiani. Wageni wakavuka pale katikati, wakapita mbele ya benchi zetu, wakapita hata nyuma yetu, na kwa kuwa zizi la mbuzi lilikuwa wazi na ndilo pekee mbele yao, wakaingia. Wote tisa. Biskuti akalala mlangoni, ulimi nje, akanitazama nimsifu.

Mbuzi wakaendelea kutafuna. Mimi niko chini, matope na ndizi. Bamdogo akakung'uta suruali yake akasema, "Wageni, samahani sana. Tokeni kwanza, halafu mrudi kule kwenu, tuanze upya."

Mzee Kulwa aliokota kofia yake, akaipangusa samadi taratibu, akaivaa. Akatazama zizi, akatazama uwanja, akaona yuko upande gani. Hotuba yake ya pili aliitoa humo humo ndani, mkono mmoja ameuweka juu ya mgongo wa beberu.

"Hatutoki," akasema. "Sisi wakwe zenu ni wafugaji, mambo haya tunayajua. Mnyama akiswagwa hadi zizini, na aliyepiga mluzi ni mwenye zizi, hakuna anayeuliza tena huyo ni wa nani. Mmetuvusha wenyewe, mbele ya mashahidi. Asanteni kwa kutupokea."

Wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele kabla hawajafikiri. Bamdogo akapandisha sauti: "Hakuna aliyewapokea! Ni mbwa! Nani amepiga huo mluzi?"

Kila mtu alikuwa anajua nani. Wakanigeukia wote. Na mimi nikamwona Evodia mlangoni mwa jiko, mikono imefunika mdomo, hacheki, ananitazama mimi tu. Ilikuwa rahisi sana. Ningesema nilikosea, nilikuwa namzuia mbwa, wazee wangetoka zizini na aibu yao, wangepanda Noah zao na wasingeonekana tena Ntobeye, na utaratibu wetu ungebaki salama. Nilifungua kinywa kusema hivyo, nawaapia.

"Nimepiga mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ili waingie."

Bamdogo alinitazama kama mtu anayetazama pampu mpya iliyokufa siku ya uzinduzi. Mpaka leo tukikutana kanisani ananipa mkono wa kushoto. Wazee wa ukoo wamesema tangu utaratibu huo uanze hakuna mkubwa wa nyumba aliyekubali posa akiwa amekaa chini ametota pombe, na mimi siwabishii. Kijana mmoja wa upande wao ndiye aliyerekodi, na nasikia Biharamulo nzima sasa wananiita Bwana Mluzi. Mzee Kulwa, wakati wa kuondoka, aliinama akamtazama Biskuti kwa muda mrefu, akauliza anakula nini, anafunzwaje, kama wapo wengine. Lile swali nililokuwa nimejiandaa nalo kwa wiki nzima! Nikaenda kuzitoa zile karatasi kwenye Biblia, nikamwonyesha asome mwenyewe.

Evodia aliondoka miezi miwili baadaye, akamfuata Masunga Mtwara. Ananipigia Jumapili, anauliza mbwa kwanza, halafu mimi.

Na kuna jambo karatasi za yule mama hazikuandika. Kila jioni Biskuti akishawaingiza mbuzi, akahakikisha Neema yuko ndani, akahakikisha mama yake yuko jikoni, anatoka anakwenda kukaa pale njia ya gari inapoanzia, anatazama chini kuelekea barabara kubwa. Napiga mluzi, haji. Kundi halijatimia, na yeye hajui kudanganya. Huwa nakwenda kukaa naye. Hapo ndipo nilipokuja kukubali kwamba utaratibu wa ukoo sikuwa nikiujali hata kidogo, kwamba mwaka mmoja wa kuwarudisha wale watu ulikuwa mwaka mmoja wa kubaki na mdogo wangu, na kwamba alipokuja kuniomba nilimpiga mbwa brashi ili asinione uso.

Basi naapa mbele yenu wote. Neema yuko darasa la nne, kwa hiyo muda ninao, lakini siku watakapokuja watu kumuulizia yeye, Biskuti akiwa hai nitamfunga kamba tangu alfajiri. Mimi ndiye sijui nani atanifunga.