Gunia Nje ya Kibanda

Kama omena, wale dagaa wa ziwani, ni ya shangazi na kibanda ni cha Min Akinyi, ushuru wa soko alipe nani? Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, na pale sokoni Sori swali hilo lilininyima utulivu. Min Akinyi aliwauzia wanawake wengi omena yao kwa niaba yao, akimkata kila mmoja kidogo "ya kanju", yaani ya tiketi ya ushuru wa baraza.

"Mama, tiketi unanunua moja tu. Mbona unawakata wote?" nilimuuliza mbele ya wateja.

"Nyathina, mwanangu, punguza sauti," akanisihi.

Sikupunguza. Niliwashawishi wanawake watoe magunia nje, wajiuzie wenyewe. Karani wa kanju akavutwa na kelele zangu.

"Tiketi?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Tiketi waliyoichangia ililinda tu mali iliyokuwa kibandani. Gunia la shangazi, karo ya binti yake, likatupwa kwenye pikapu ya kanju.

"Msomi, si ulipe sasa!" mtu akapaza sauti, soko zima likaangua kicheko. Mfukoni nilikuwa na kitambulisho cha chuo tu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba, tangu siku ile, kanju walimtoza kila mwanamke tiketi yake, hata wale ambao omena yao iliuzwa na Min Akinyi kibandani.