Barua ya Phineas Yakwama Mikononi mwa Fundi Silvanus

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha chini ya ardhi mjini Riverdale Park, Silvanus Wambura analehemu waya wa mwisho.

Mbele yake ipo taipureta ya umeme, nzito kama mtungi wa gesi uliojaa. Kando yake kuna kompyuta ya mwaka 1976, ya zile ambazo wapenzi wa elektroniki walijiundia nyumbani. Haina skrini. Bila taipureta haiwezi kusema neno.

"Hizi mbili hazielewani lugha," anaeleza fundi huyu wa miaka 57, mzaliwa wa Musoma. "Mimi ndiye mkalimani wao."

Mwaka 1984 alikuwa na wateja arobaini wa kuunganishiwa mashine za namna hii. Mwaka huu, 1998, amepata mmoja: Wamaitha, muuguzi Mkenya anayeishi mji jirani wa Silver Spring. Kompyuta ni ya marehemu mumewe, Phineas, aliyeiunda akiwa mwanafunzi. Kabla ya kufariki miaka sita iliyopita, alimwandikia mkewe barua, akaihifadhi kwenye kaseti. Taipureta yake ilitupwa baadaye, mkewe alipohama.

Wamaitha amesimama mlangoni, bado amevaa sare ya kazini. "Washa, Mzee. Nimengoja miaka sita."

Silvanus anawasha. Taipureta inanguruma, inachapa: *Wamaitha wangu, najua utanikasirikia kwa kukuficha* — kisha nyota, mabano, tarakimu. Mstari baada ya mstari.

Anazima, anachomoa kaseti kwenye kinasa sauti kilichounganishwa na kompyuta. Unga wa kahawia umeganda mahali kanda inaposomwa. Jana aliichezesha mara nne akipima nyaya, na kila mara ilikuwa ikikwanguka unga huo unaobeba maandishi.

Angeweza kusingizia uzee wa kanda. Hasingizii.

"Dada, nimeiharibu mimi. Nilipaswa kupima kwa kanda nyingine."

"Si uprint tu yenye imebaki?"

"Haijabaki kitu ninachoweza kukisoma."

Wamaitha anaichomoa ile karatasi kwenye taipureta, anaikunja, anatoka nayo bila kuaga. Kaseti anaiacha mezani.

Silvanus anaketi sakafuni. "Wale arobaini sikumharibia hata mmoja," anasema. "Nimekuja kumharibia mjane."

Mwisho wa mwezi anafunga karakana na kurudisha funguo za chumba. Ameomba kazi ya kufagia maegesho ya magari. Kabla ya hapo anataka kuwapigia simu mafundi tisa wenye vifaa vya kusoma kaseti bora kuliko vyake.

"Ikipatikana hata sentensi moja, nitampelekea mwenyewe," anasema. "Asiponifungulia, nitaipitisha chini ya mlango."